Kisu cha Mkono wa Kushoto

Ukitaka kujua kama kifaa ni kizuri, muulize shangazi yangu, ila jiandae kusikia usichokitaka. Huyu ni dada wa baba yangu, amekata vitambaa vya makochi miaka ishirini na sita, na muda wote huo sijamsikia akisifu kitu zaidi ya mara nne. Mafundi wa mtaa mzima humletea mikasi, nyundo, hata gundi, wakasimama mbele yake wakisubiri hukumu. Yeye hukishika kifaa, akakigeuza, akakinusa ikibidi, kisha akasema kama mtu anayeitikia salamu: "Kitakufa kabla ya mwaka." Au: "Mpini huu umetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kufanya kazi." Wengine huondoka wamenuna. Wiki mbili baadaye hurudi kumuuliza basi wanunue kipi.

Ndiyo maana siku aliponiwekea kile kisu kidogo juu ya cherehani yangu akasema, "Hiki angalau kina akili," niliondoa mguu kwenye kanyagio.

Kilikuwa kisu cha kukunja, kikifungwa hakizidi urefu wa kidole changu cha kati. Mpini ulikuwa wa titaniamu, wa kijivu, mkavu, hauna urembo wowote. Nilipokichukua nilidhani ni plastiki kwa wepesi wake. Bapa lake fupi lilikuwa na kitundu karibu na mpini. Ukisukuma pale kwa kidole gumba, kisu kinafunguka chenyewe na kulia *ta*, hakihitaji mkono wa pili. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kimempendeza. Shangazi mkono wa pili hakuwa nao, yaani alikuwa nao lakini ulikuwa umegoma.

Niseme ulivyogoma. Karakana yetu ina watu watatu. Baba ni seremala, anaunda fremu. Mimi nashona. Shangazi anakata, na katika kazi ya makochi anayekata ndiye mwenye kazi, kwa sababu kitambaa kikishakatwa vibaya hakuna Baba wala cherehani ya kukiokoa. Mwaka jana Baba na Shangazi walikuwa wakishusha kochi la watu watatu kutoka ghorofa ya pili, Baba amelishika juu, Shangazi chini, na ngazi zilikuwa zimetoka kupigwa deki. Mguu wa Shangazi uliteleza, na kochi likamfuata. Mfupa wa mkono wa kulia ukavunjika mara mbili. Hospitali walimwekea kipande cha titaniamu na skrubu saba, mkono ukapona, lakini kidole cha shahada na cha kati havikukunjika tena. Daktari alisema vitarudi kidogo kidogo. Kidogo cha kwanza kilirudi, hicho kingine tunakisubiri mpaka leo.

Baba, ambaye ni mdogo wake, aliamua mambo bila kumuuliza. Alimtengenezea kiti kizuri chenye sponji nene, akakiweka mlangoni karibu na simu. "Dada," alisema, "sasa wewe kaa hapa. Pokea wateja, pokea simu, kunywa chai. Umefanya kazi vya kutosha."

Nilimchukia Baba siku ile, nasema kweli. Najua hakuwa na nia mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika lile kochi kwa juu, na tangu siku ile hakuweza kumtazama dada yake mkononi. Kwa hiyo akamfukuza kazi kwa upole, na kufukuzwa kwa upole hakuna pa kukatia rufaa.

Shangazi alikaa kwenye kile kiti siku tatu. Siku ya nne alimwambia mteja kwamba kochi lake halistahili hata kitambaa cha gunia, akanyanyuka, akachukua mkasi wetu mkubwa kwa mkono wa kushoto. Ule mkasi umetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Ukiushika kwa kushoto, makali yake yanaachana badala ya kubanana, na kitambaa kinatafunwa. Aliutafunisha kitambaa cha zamani dakika kumi, akauweka chini. Mkasi wa kushoto tuliuulizia maduka yote ya mjini, tukachekwa. Kisu cha karatasi chenye wembe wa kuvunjavunja nacho alikijaribu. Wembe wenyewe unachezacheza, na mstari ukawa unatetemeka kama saini ya mgonjwa. "Nahitaji kitu kisichonidanganya," alisema.

Basi akaenda duka la vifaa, na mimi nikamfuata kwa sababu nilijua kutakuwa na maneno. Mwenye duka alimletea visu vya mpini wa mbao, vya mpini wa chuma, vizito vya kutishia watu. Shangazi alikuwa akivikataa kimoja kimoja. Mwisho akakiona kile cha kijivu, kimelala peke yake chini ya kioo.

"Hicho, mama, ni cha wapanda milima," mwenye duka alimwambia. "Hakiwezi kazi ya fundi. Na hata hivyo, kimetengenezwa kwa mkono wa kulia. Angalia klipu yake ya mfukoni."

"Klipu inatoka?"

"Inatoka, ina skrubu mbili."

"Basi itoe, tuone kama mkono wa kulia utakuja kuidai."

Alikifungua kwa gumba la kushoto. Mara ya kwanza kilikwama nusu, mara ya pili kikafunguka. Kukifunga ndiko kulikokuwa na kazi, maana kile kibati kinachozuia bapa lisijifunge kimewekwa upande ambao gumba la kulia linakifikia. Shangazi alikaa palepale kwenye kaunta akitafuta njia, mwenye duka akihudumia watu wengine watatu, mpaka akagundua kwamba anaweza kukisukuma kwa kidole cha shahada. Akakifunga. Akakifungua. Akakifunga tena.

"Nakichukua," alisema. "Na hiyo klipu yako baki nayo."

Baba alipokiona alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Dada, hiki si cha kumenyea machungwa?"

"Mdogo wangu, machungwa namenya kwa meno."

"Sasa una titaniamu ndani na titaniamu nje."

"Ya ndani walinichagulia," Shangazi alimjibu, "ya nje nimechagua mwenyewe."

Kwa miezi miwili iliyofuata nyumba yetu iliona mambo. Kila asubuhi kabla ya kazi Shangazi alitandika gunia juu ya meza ya jikoni, akalikandamiza kwa rula ya chuma, rula akaikandamiza kwa kigasha cha mkono wa kulia, ule wenye skrubu, kisha akakata. Mistari mirefu, mistari mifupi, kona, duara. Akatoka kwenye magunia akaingia kwenye mapande ya ngozi, akatoka huko akaingia kwenye pazia la chumba changu bila kuniomba ruhusa. Alijikata mara mbili, zote kwenye kile kidole cha shahada kisichosikia vizuri, na mara zote mbili nilimwona anakitazama kidole kwa hasira, kisu hakukitazama hata kidogo.

Na huku akikata, anakitolea hukumu. Nilizizoea hukumu zake kama watu wengine wanavyozoea redio. Makali yanakaa, alisema, unanoa Jumatatu unafika Ijumaa bado kinanyoa. Wepesi wake ni baraka kwa mkono usiozoea, maana mkono wa kushoto unachoka kwa kubeba kabla haujachoka kwa kukata. Mpini ukiguswa na gundi unateleza, huo ni upungufu, akauzungushia ukanda mwembamba wa ngozi na habari ya kuteleza ikaisha. Tena ni kidogo mno, kinapotea. Siku moja tulipekua karakana nzima, kumbe kiko mfukoni mwa aproni yake, na kwa wepesi wake hakujua kwamba anacho. Alisonya mpaka jioni.

"Kwa hiyo kizuri au kibaya?" nilimuuliza.

"Kinafanya ninachokiambia. Hilo tu ndilo ninalotaka kwa kisu, na kwa watu pia."

Mambo yalichemka mwezi wa tatu. Baba alitangaza mezani, tukiwa tunakula, kwamba amempata mkataji mpya, mtu mzima, ametoka kiwandani, ana mkono safi, ataanza Jumatatu ya wiki ijayo. Sisi wawili tulikuwa tumeshindwa kukata vizuri, mimi na Baba, na kazi zilikuwa zinarudishwa. Hilo lilikuwa kweli. Shangazi aliweka kijiko chini.

"Na meza yangu?"

"Dada, meza ni ya karakana."

"Meza ile uliniundia mimi. Ulinipima kiwiko."

Baba akatazama sahani. Mimi nikasema kitu nisichopaswa kumwambia baba yangu, nikaambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Shangazi ndiye aliyeendelea. "Kuna kazi ya wakili. Kochi la watu watatu na viti viwili, mahameli ya kijani. Nipe hiyo. Ikitoka safi, huyo mtu wako asije. Ikiharibika, nitakaa pale mlangoni na kupokea simu mpaka nife, na hutanisikia nikilalamika."

Hilo la kutolalamika halikuaminika, lakini Baba alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu alichoka kuwa mtu mbaya.

Niseme kidogo kuhusu mahameli, maana hapa ndipo shughuli ilipo. Mahameli ina manyoya mafupi, na manyoya yake yamelala upande mmoja. Ukipapasa kuelekea chini ni laini na yanang'aa, ukipapasa kuelekea juu yanasimama na rangi inakuwa nzito. Kwa hiyo kila kipande cha kochi lazima manyoya yaelekee chini. Kimoja tu kikigeuka, kitaonekana kama kimetoka kwenye kitambaa kingine. Wakataji wengine huchora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande ili wasikosee. Shangazi hakuwahi kuchora mshale. "Mshale ni wa wanaojifunza," alikuwa akisema. Jora la kitambaa lilining'inia mwisho wa meza, upande wa mkono wake wa kulia, na kichwa cha kila kipande, yaani ule upande utakaokaa juu, alikielekeza kulia, kwenye jora. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita bila kufikiri.

Jumanne alianza na lile kochi kubwa. Kisu kilikwenda. Sijui nieleze vipi furaha ya kusikia sauti ile, bapa likipita kwenye mahameli bila kusita, baada ya miezi yote ya mkasi wetu kutafuna. Hata Baba aliacha kupiga randa akasikiliza. Vipande vilitoka na kingo zilizonyooka, ukikunja kimoja nusu kwa nusu, pembe inakaa juu ya pembe. Kiti cha kwanza nacho kikatoka vizuri. Ila kulikuwa na tatizo moja ambalo hatukuwa tumelifikiria. Dirisha liko kushoto, liliwekwa hivyo ili kivuli cha mkono wa kulia kisianguke kwenye mstari. Sasa mkono wa kazi ulikuwa wa kushoto, na kivuli chake kilifunika kilekile alichotaka kukiona. Siku nzima alikuwa amepinda shingo akichungulia.

Jumatano, akiwa amebakiza kiti cha pili, alichoka kuchungulia. Akazunguka meza. Upande wa pili ulikuwa finyu, umejaa mbao za Baba zilizoegemezwa ukutani, alijibana akaingia. Kule mwanga ulitoka kulia na mstari ukaonekana wote. Alikata kiti kizima kwa muda mfupi kuliko aliotumia kwa mkono mmoja wa kochi. Alitoka mle kwenye mbao akiwa na vumbi mgongoni na uso wa msichana.

"Umeona?" aliniambia. "Umeona kisu?"

Nilikuwa nimeona. Nilishona Jumatano na Alhamisi nzima, Baba akavalisha fremu, na Alhamisi saa tisa alasiri tukavitoa viti viwili tukaviweka bega kwa bega mbele ya mlango ili tuvione kwenye jua.

Kimoja kilikuwa kijani. Cha pili kilikuwa karibu cheusi.

Nilijua kabla sijakigusa. Nikakigusa hata hivyo, nikapapasa kuelekea chini, na manyoya yakanisimamia kiganjani. Kiti kizima kilikuwa kichwa chini. Alipozunguka meza, kulia kukawa kwingine, na yeye, kwa mazoea ya miaka yote ile, bado alielekeza vichwa kulia. Jora sasa lilikuwa kushoto kwake. Na mimi niliyeshona nilikuwa nimekodolea macho mishono, sikuona kitu. Kitambaa cha akiba hakikuwepo. Dukani tulipokichukua jora lilikuwa limeisha.

Shangazi alisimama mbele ya viti viwili, kisu kimefungwa mkononi. Baba alikuwa nyuma ya karakana, bado hajaona. Nikamnong'oneza, "Tutasema ni mimi. Tutasema nilichanganya vipande nikashona vibaya. Baba hatanifukuza mimi."

Alinigeukia, na sijawahi kuona macho yale. "Mwanangu, ukisema hivyo sitakusamehe. Kosa langu usinibebee. Nimebebewa vya kutosha mwaka huu." Kisha akapaza sauti: "Mdogo wangu! Njoo utazame nilichofanya."

Baba alikuja akifuta mikono. Alitazama. Alivuta pumzi, na nikajua anachotaka kusema, akakisema. "Nilikwambia hicho ni cha kumenyea machungwa."

"Kisu kimekata pale nilipokiambia kikate," Shangazi alisema. "Usikisingizie. Nilizunguka meza nikasahau kwamba nimezunguka. Kichwa changu ndicho kilichobaki upande ule."

Akapiga magoti mbele ya kile kiti cheusi, akakipapasa kila upande, akaanza kuhesabu kwa sauti. Kikalio ni mraba, kinageuzwa. Mgongo wa nje ni mraba, unageuzwa. Mikono inapungua kuelekea mbele, lakini juu na chini iko sawa, kwa hiyo kipande cha kushoto ukikigeuza kichwa chini kinaingia kulia, na cha kulia kinaingia kushoto. Alikuwa akiongea haraka, kama mtu anayetafuta funguo. Kisha akafika kwenye mgongo wa ndani, wenye duara juu. Huo haugeuziki.

"Kochi kubwa," alisema, akigeuka kulitazama. "Mgongo wake wa nje ni kipande kimoja kipana. Nikikata humo mgongo wa hiki kiti, kisha hiki kilichoharibika nikakifanya mraba, nikakigeuza, nikakirudisha kule, kitatosha. Lakini kochi litakuwa na mishono miwili mgongoni."

"Nyuma nani anaangalia," Baba akasema. "Fanya, tupeleke."

"Kochi lake halikai ukutani. Alituambia, liko katikati ya sebule. Kila anayeingia anaingilia mgongoni." Akanyanyuka. "Lete simu."

"Mwambie ni mtindo," Baba akanong'ona wakati namba inaita. Alikuwa ameshika aproni ya dada yake kama mtoto. "Dada, nakuomba. Mwambie ni mtindo mpya, mishono miwili, watu wanaipenda. Akikasirika atachukua vitu vyake, na mimi ahadi ni ahadi."

Shangazi alimwondoa mkono taratibu. Wakili alipopokea, alimsalimia, akamuuliza hali ya nyumbani, halafu akasema hivi, nakumbuka neno kwa neno kwa sababu nilikuwa nimeacha kupumua: "Mama, nimekosea. Kiti kimoja nimekikata manyoya juu. Naweza kukirekebisha, lakini mgongo wa kochi utakuwa na mishono miwili ambayo hukuiagiza. Nitainyoosha, nitaiweka pande mbili sawasawa. Watu wanaweza kudhani ni urembo. Mimi sitakuambia ni urembo, ni kosa langu."

Baba alifumba macho.

"Umekata wewe mwenyewe?" Sauti ya wakili ilisikika mpaka nilipo.

"Mimi mwenyewe."

"Na atakayerekebisha ni nani?"

"Mimi."

"Nitakuja Jumamosi saa nne," wakili alisema. "Nitaanza kwa kuangalia mgongo."

Siku mbili zile zilikuwa za kufumua. Kufumua mahameli ni kazi ya mateso, uzi umezama kwenye manyoya, ukikosea kidogo unaacha njia nyeupe isiyofutika. Shangazi alikaa chini, kiti kati ya magoti, na kile kisu kidogo. Ncha yake iliingia chini ya uzi mmoja, ikanyanyua, ikakata, ikaingia chini ya mwingine. Hapo udogo wake, aliokuwa akiulalamikia, ukawa ndio msaada. Nilimpa kifumulio changu cha kushonea akakirudisha bila kukitazama. Baba alikuja mara tatu kusimama nyuma yake, na mara ya tatu akachukua taa ya kazi yake, akaishika juu upande wa kulia, ili kivuli kisianguke. Aliishika hivyo karibu saa nzima. Nami safari hii kila kipande nilikipapasa kabla hakijaingia chini ya sindano.

Jumamosi saa nne wakili alikuja. Alizunguka nyuma ya kochi kama alivyosema, akainama, akapitisha kidole kwenye mshono wa kwanza toka juu mpaka chini, halafu wa pili. Akavitazama viti viwili kwenye jua, vyote kijani. "Bila kuniambia ningedhani mmefanya makusudi," alisema. "Lakini nimefurahi umeniambia." Akatuomba tumpakilie. Hakuna zaidi, wala sisi hatukuomba zaidi.

Ila ahadi ilisema kazi ikitoka safi, na haikutoka safi. Shangazi alilijua hilo, nami nililijua. Ikafika Jumapili. Alikinoa kisu chake, akakipaka mafuta kwenye bawaba, akakifunga. "Kikiwa kwa mkataji mzuri kitafika mbali," alisema, na mimi nikatoka nje kwa kisingizio cha nguo, kwa sababu nililia.

Jumatatu tulifika karakana mapema kuliko kawaida. Shangazi alikuwa amevaa vizuri, nguo za mtu wa kukaa mbele na kupokea wateja. Mlango ulikuwa wazi. Zile mbao za Baba, ambazo maisha yangu yote sikuruhusiwa hata kuzisogeza nifagie, zilikuwa nje uani, zimepangwa chini ya turubai. Ndani, ule upande wa pili wa meza ambako Shangazi alikuwa amejibana, palikuwa peupe, pamefagiliwa, mtu angeweza kusimama na kunyoosha mikono yote. Baba alikuwa chini ya meza, miguu tu inaonekana. Droo ya chaki alikuwa ameing'oa upande wa zamani na kuihamishia upande mpya. Futi ya chuma iliyopigiliwa ukingoni nayo ameihamisha, na skrubu za vyuma vinavyoning'iniza jora alikuwa amezilegeza, anazihamishia mwisho wa pili, ili jora liwe tena kulia kwa Shangazi.

"Huyo mtu wako anafika saa ngapi?" Shangazi aliuliza.

Baba alitoka chini ya meza, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Hafiki. Nimempigia jana. Nimemwambia meza ina mwenyewe."

"Kazi haikutoka safi. Tuliahidiana."

"Dada, ile meza niliipima kwa mkono wa kulia, nikakupa ukatie wa kushoto. Aliyekosea vipimo ni mimi." Akatoa futi mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya zile ngazi alimtazama dada yake mikono yote miwili. "Simama hapa. Kunja kiwiko cha kushoto nikupime."

Shangazi akaweka mkoba chini. Akaenda kusimama upande ule mpya, mwanga ukimwangukia kulia, akakunja kiwiko juu ya meza, akakaa hivyo huku mdogo wake akipiga magoti na kusoma futi.

"Unakufaa urefu huu?" Baba aliuliza.

"Haunifai," Shangazi alisema. "Nyanyua sentimita mbili."